Je, Tuukunje Mguu wa Punda?

Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, kwenye udongo mweusi ulioko kati ya bonde la Lambwe na Mto Kuja, ng'ombe hulima kwa msimu lakini punda hufanya kazi kila siku. Ndiye anayepandisha madumu ya maji kutoka mtoni, anayepeleka mahindi kwenye posho mill na kurudisha unga, anayevuta mkokoteni wa kuni na mchanga. Akianza kuchechemea, maji huchelewa, uji huchelewa, na mtoto aliyetakiwa kuwa darasani hutumwa na dumu kichwani.

Madaktari wa farasi wana kipimo wanachokitumia duniani kote kutafuta chanzo cha kuchechemea. Mguu hukunjwa, hushikiliwa hivyo kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja na nusu, kisha mnyama huachiwa na kukimbizwa papo hapo huku daktari akitazama kama mwendo umeharibika zaidi. Kwa farasi wa mbio na wa michezo, kama wale wa uwanja wa Ngong jijini Nairobi uliofunguliwa mwaka 1954, kipimo hiki ni jambo la kawaida. Je, kina kazi gani kwa punda wa mkokoteni wa Ndhiwa?

Nimelipanga swali hilo katika sauti nne. Wasemaji ni wa kubuni, lakini hoja zao ni za kweli, na kila moja ina watu wanaoishikilia kwa dhati. DAKTARI ni mwanamke aliyesomea udaktari wa mifugo Kabete. AFISA ni kijana msaidizi wa afya ya wanyama, anayezunguka vijijini kwa pikipiki. MAMA anauza maji kwa punda wake mmoja. JADUONG', yaani mzee kwa Kijaluo, amenunua na kuuza punda tangu ujana wake.

Kipimo chenyewe

DAKTARI: Nianze na ninachokifanya, ili tubishane juu ya jambo moja. Kwanza namtazama mnyama akiwa amesimama, kisha akitembea, kisha akienda telki, yaani mbio ndogo, kwenye njia ngumu iliyonyooka. Akiumwa mguu wa mbele, kichwa hupanda pale mguu mbovu unapokanyaga, na hushuka ule mzima unapokanyaga. Akiumwa nyuma, natazama nyonga. Upande mbovu huwa na mwendo mkubwa wa kupanda na kushuka kuliko mwenzake. Nikishajua anachechemea kiasi gani, ndipo nakunja. Mguu wa mbele naukunja chini, kwenye kifundo kilicho juu ya kwato, au juu zaidi, kwenye goti. Wa nyuma naukunja chini vilevile, kisha naunyanyua mzima ili kile kiungo kikubwa kinachochomoza nyuma kama kisigino kikunjike pamoja na goti la nyuma na nyonga. Nahesabu sekunde, naachia, na mtu aliyeshika kamba anaondoka naye telki mara moja.

AFISA: Na kwa nini kukunja kunaleta maumivu?

DAKTARI: Kiungo kikikunjwa, mfuko unaokizunguka hunyooshwa, majimaji ya ndani hubanwa, na mfupa ulio chini ya gegedu hupata shinikizo. Kama mahali hapo pana uvimbe au gegedu imelika, maumivu yaliyokuwa yamejificha hujitokeza. Farasi aliyekuwa akichechemea kidogo tu, kiasi cha watu wawili kubishana kama anachechemea au la, sasa anachechemea waziwazi. Mimi napata fununu ya sehemu ya kuendelea kuchunguza.

MAMA: Kwa hiyo, daktari, unamuumiza makusudi ili ujue anapoumia.

DAKTARI: Ndiyo mama, kwa muda mfupi, na sitalificha hilo. Ndiyo maana sikunji mguu wa mnyama asiyeweza kuukanyagia kabisa. Huyo huenda amevunjika mfupa, au kiungo kimeingiwa na usaha. Kumkunja ni kumwongezea jeraha, na hakuna ninachokitafuta ambacho mguu wenyewe haujakwisha kukisema.

Mguu mzima nao hujibu

AFISA: Daktari, nakuheshimu, lakini niseme wazi kwamba kipimo hiki kinaaminiwa kuliko kinavyostahili. Mwaka 1997 David Ramey, daktari wa farasi huko Marekani, alikunja miguu ya mbele ya farasi na kufuatilia yaliyowapata baadaye. Aliona kwamba ukikunja kwa nguvu, karibu kila farasi atachechemea, na kwamba jibu la siku ile halikumwambia nani angekuja kuwa kiguu miezi iliyofuata. Mwaka 2001 Busschers na van Weeren wa Uholanzi walichapisha kazi yao juu ya farasi ambao hawakuwa wakichechemea hata kidogo. Wengi wao nao walionyesha mabadiliko baada ya kukunjwa, na umri wa mnyama ulichangia. Sasa niambie, kipimo kinachomshtaki aliye mzima kitamsaidiaje aliye mgonjwa?

MAMA: Hilo hata mimi sikuhitaji kusoma ili nilijue. Nikichuchumaa kuchambua mboga asubuhi nzima, nikiinuka hatua za kwanza huwa za kiguu. Lakini nikifika mlangoni miguu imekwisha kunyooka. Mtu akinitazama zile hatua za kwanza tu, atasema mama huyu mgonjwa.

DAKTARI: Mama amesema jambo ambalo wanafunzi wangu huchukua muda mrefu kulielewa. Hatua za mwanzo mbili tatu zisizo sawa si ugonjwa. Ninachokitafuta ni mnyama anayeendelea kuchechemea mpaka mwisho wa njia, na anayefanya hivyo kwa mguu mmoja lakini si kwa mwenzake. Ndiyo maana nakunja miguu yote miwili, nikianza na ule mzima, kwa mkono uleule, kwa nguvu ileile, kwa sekunde zilezile. Mguu ulio upande wa pili ndio kipimo changu cha haki.

AFISA: Nguvu ileile? Mkono wako na wangu haufanani. Hata mkono wako wa asubuhi na wa jioni haufanani.

DAKTARI: Ni kweli, na ndiyo sababu jibu langu na lako hatuwezi kuyalinganisha kwa urahisi. Lakini jibu langu la leo na langu la wiki ijayo, juu ya mnyama mmoja, yanalinganishika vizuri zaidi. Nakubali tafiti ulizozitaja. Zinachokikataa ni watu kulichukua jibu la kukunja kama jina la ugonjwa. Halikuwa hivyo tangu mwanzo. Farasi akijibu, namchoma sindano ya ganzi kwenye mshipa wa fahamu wa sehemu ninayoishuku, namkunja tena, nione kama jibu limepotea. Likipotea, nimekaribia. Kisha eksirei, kama ipo.

AFISA: Kama ipo. Hayo ndiyo maneno mawili yanayonilaza macho. Hapa Ndhiwa nani atampeleka punda eksirei?

Punda hakimbii kwa kuambiwa

JADUONG': Mimi nina swali dogo, nyara, binti yangu. Umesema mnyama aondoke telki mara moja. Umewahi kumwambia punda aondoke mara moja?

DAKTARI: Nimewahi, jaduong', na mara nyingi alibaki amesimama. Punda hapendi kukimbizwa kwa kamba na mtu asiyemjua. Njia inayosaidia ni kumtanguliza mwenzake aliyemzoea, au kumpima akiwa ameelekea upande wa nyumbani. Hapo huenda mwenyewe. Hujanipata na kosa, umenipata na ugumu.

AFISA: Ugumu ni mkubwa kuliko huo. Punda huficha maumivu. Farasi akiumwa utamwona anahangaika. Punda huinamisha kichwa, hupunguza kula, hulala zaidi, huhamisha uzito toka mguu mmoja kwenda mwingine, na mwenye mali anasema ni uvivu. Mpaka mtu aje kuniita, ugonjwa umekomaa. Madaktari wa farasi wa Marekani hupima kuchechemea kuanzia sifuri hadi tano. Sifuri hakuna kitu; moja na mbili ni kule kunakoonekana kwa taabu; nne ni kule kunakoonekana mnyama akitembea tu; tano hakanyagi. Punda ninaoitwa kuwatazama karibu wote ni wa nne. Nimewaona kutoka barabarani, kabla sijashuka kwenye pikipiki. Kipimo cha kukunja kilitengenezwa kwa ajili ya moja na mbili, kumfichua anayejificha. Wangu hawajifichi tena.

DAKTARI: Hoja hiyo ni nzito.

AFISA: Sijamaliza. Mwaka 2009 kulichapishwa uchunguzi wa farasi 227 wa kazi kutoka India na Pakistan. Wote walikuwa wakichechemea, na karibu wote walikuwa na kasoro ya mwendo katika miguu yote minne. Wengi walionyesha maumivu viungo vilipokunjwa. Daktari, wewe umesema mguu wa upande wa pili ndio kipimo chako cha haki. Mnyama mwenye miguu minne mibovu, utalinganisha mguu gani na upi? Kichwa hakitapanda wala kushuka, kwa sababu hakuna mguu wa kukimbilia. Atatembea hatua fupi, ngumu, za sawasawa, na asiyejua atasema yuko sawa.

DAKTARI: Kwa mnyama wa namna hiyo natazama namna anavyojibu wakati wa kukunja kwenyewe, si baada yake. Je, anavuta mguu? Anakataa kuinua mguu mmoja kwa sababu ule utakaobaki chini hauwezi kubeba? Kiungo kinafika mwisho wake wa kawaida au kinagota njiani? Sihitaji telki kuyaona hayo. Nakubali, jamaa zetu waliokiandika kipimo walikuwa wakifikiria farasi anayelishwa shayiri na kupumzishwa siku baada ya mbio. Lakini mkono unaokunja kiungo polepole unajifunza mengi, hata pale mnyama anapokataa kukimbia.

Kwanza kwato

AFISA: Basi tuje kwenye kiini. Mwaka 2010 kulitoka utafiti mwingine, wa kutia ganzi sehemu kwa sehemu ili kujua ni wapi hasa panapojibu mguu wa mbele unapokunjwa chini kwa farasi asiyechechemea. Jibu lilitoka zaidi kwenye kifundo kilicho juu ya kwato. Sasa punda wetu wanaugua wapi? Kwenye kwato. Kipimo kinauliza kifundo, ugonjwa uko chini yake.

JADUONG': Hapo nakuunga mkono, wuoda, mwanangu. Masika ikifika, udongo huu mweusi hushika kwato kama… 

AFISA: Hushika na haubanduki. Kwato za punda zimesimama wima kuliko za farasi, ni nyembamba, na asili ya punda ni nchi kavu. Kwato zake hunyonya maji na kulainika. Tope likikaa siku nyingi, nyayo huoza, ukuta wa kwato huachana na nyayo kwenye mstari mweupe, na uchafu hupanda ndani. Kiangazi udongo huohuo hupasuka na kukauka, na njia za murram zinamchoma kwa mawe. Kokoto, msumari, kisiki cha muwa kilichokatwa mshazari, vyote hutoboa. Usaha ukijikusanya ndani ya kwato hauna pa kwenda, na mnyama hawezi kukanyaga. Ukitoboa mahali panapostahili kwa kisu cha kwato, usaha ukatoka, kesho yake ni mnyama mwingine. Hakuna aliyekunja kitu.

MAMA: Wangu alifanyiwa hivyo. Nilidhani nimempoteza.

AFISA: Ndiyo, mama. Na mnyama wa jamii ya punda na farasi akichomwa kwatoni, pepopunda iko karibu sana. Chanjo ni muhimu kuliko sekunde sitini za kukunja. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: inua mguu, safisha, kwangua, nusa, minya nyayo kwa koleo la kupimia, gusa kama kwato ina moto, tafuta mpigo wa damu juu ya kwato. Pima urefu. Kwato iliyoachwa bila kukatwa hurefuka mbele, na kila hatua huivuta kano iliyo nyuma ya mguu. Nikimaliza hayo, kwa punda wengi nimekwisha pata jibu.

DAKTARI: Na kwa wale wanaobaki bila jibu?

AFISA: Wapo. Siwakatai.

DAKTARI: Basi hapo ndipo naomba nafasi ya kipimo changu. Kwato imesafishwa, haina moto, haina usaha, imekatwa vizuri, na bado mnyama anachechemea. Kifundo au kano? Goti au bega? Usipokunja, utaishia kuagiza dawa ya maumivu na kuondoka. Na kuna jambo jingine ambalo hatujaligusa. Si kila anayekwenda vibaya anaumwa mguu. Tuko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruma, na bonde la Lambwe lina mbung'o. Punda aliyeambukizwa vijidudu vya nagana hukonda, huishiwa damu, miguu huvimba, na nyuma hulegea akawa anayumba. Mtu anaita kuchechemea. Nikimkunja viungo vyote na hata kimoja hakilalamiki, nachukua damu badala ya kisu. Jibu la hapana nalo lina kazi.

AFISA: Hilo sikulitegemea, na nalikubali. Lakini angalia mpangilio wake: kwato kwanza, kukunja baadaye.

DAKTARI: Sijasema kinyume.

Sokoni

JADUONG': Mnazungumza kana kwamba mguu hukunjwa na wasomi tu. Sisi sokoni tunakunja. Mnunuzi mjanja huinua mguu wa punda, huushika, huuachia, hupiga makofi aone atakavyoondoka. Akichechemea, bei inashuka. Nimefanya hivyo, nimefanyiwa hivyo.

DAKTARI: Ulishika kwa muda gani, jaduong'?

JADUONG': Mpaka mwenye punda aanze kunung'unika.

DAKTARI: Na ulikunja kwa nguvu gani?

JADUONG': Ilitegemea nilitaka bei gani.

AFISA: Mmesikia wenyewe. Kipimo kile ambacho hata mikononi mwa daktari kinamsingizia mnyama mzima, sokoni kinakuwa silaha ya bei. Anayeuza ni mara nyingi mama aliyefiwa au mtu mwenye karo ya kulipa. Hana namna ya kujitetea.

JADUONG': Nisiseme uongo, ndivyo. Lakini kuna wakati ilikuwa mbaya zaidi ya bei. Kuanzia 2016 vilifunguliwa vichinjio vya punda nchini: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Ngozi zilikwenda China. Wakati huo punda kiguu alikuwa na mnunuzi siku zote, na hakuna aliyeuliza kama kiguu kile ni jipu la siku tatu au mfupa. Katika miaka mitatu hivi punda zaidi ya 300,000 walichinjwa Kenya, bila kuhesabu walioibwa zizini.

DAKTARI: Hesabu ya watu na makazi ya 2009 ilionyesha punda takriban milioni 1.8. Ile ya 2019 ikaonyesha takriban milioni 1.2. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo, wenye vichinjio wakaenda mahakamani, mahakama ikaiondoa marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Kwa miaka kadhaa ya muongo huo, neno "huyu ni kiguu" liliweza kuwa hukumu ya kifo. Ndiyo maana nataka litamkwe na mtu aliyetazama vizuri.

JADUONG': Basi nikubalie hili: mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua.

DAKTARI: Anayo. Mtembeze punda kwenye njia ngumu, kwenda na kurudi. Mzungushe kulia na kushoto. Inua kwato zote nne, tazama chini. Pitisha mkono kwenye kano utafute joto na uvimbe. Hayo hayahitaji nguvu, na hayawezi kughushiwa na mkono wenye tamaa. Kukunja uniachie mimi au afisa.

Ukishajua, nitakula nini?

MAMA: Nimewasikiliza wote. Sasa nisikilizeni. Tuseme mmekunja, mmeona ni kifundo. Daktari ataniambia nini?

DAKTARI: Apumzike, mama. Wiki kadhaa. Dawa ya maumivu kwa siku chache.

MAMA: Dumu moja la lita 20 ni kilo 20. Punda hubeba manne kwa safari moja, na siku moja ina safari kadhaa. Akilala zizini, madumu hayo yatahamia kichwani kwangu na kwa msichana wangu. Dakika moja ya kukunja kwako ni wiki nyingi za mgongo wangu. Usinielewe vibaya. Nampenda mnyama yule, ndiye aliyenisomeshea watoto. Lakini nikisikia neno "apumzike", nasikia gharama isiyo na mlipaji. Ndiyo maana watu hawaji kwenu mapema.

AFISA: Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumfanyisha kazi mnyama asiyeweza kutokana na ugonjwa au jeraha.

MAMA: Sheria hiyo itanichotea maji?

AFISA: Haitakuchotea, mama. Umenijibu.

DAKTARI: Na mimi nisikujibu kwa maneno matupu. Kuna mapumziko ya namna mbalimbali. Kifundo kilichotuna kidogo hakihitaji zizi, kinahitaji nusu ya mzigo, njia isiyo na mteremko mkali, na kutokimbizwa. Kano iliyochanika inahitaji kusimama kabisa, na ukiifanyisha kazi kwa wiki moja unaweza kumpoteza maisha yake yote ya kazi. Kwa macho tu, siku ya kwanza, hali hizo mbili zinaweza kufanana. Ninapokunja na kupapasa, natafuta kama naweza kukuachia nusu ya kazi au nikuombe yote. Sikunji ili nikunyang'anye punda, nakunja ili nisikunyang'anye zaidi ya inavyolazimu.

MAMA: Hilo hukulisema tangu mwanzo.

DAKTARI: Nilipaswa kuanza nalo. Na anapopumzika, usimtenge na mwenzake aliyemzoea. Punda mwenye huzuni huacha kula, na punda aliyeacha kula siku chache mafuta ya mwilini hufurika kwenye damu na kuharibu ini. Unaweza kumponya mguu ukampoteza kwa upweke.

MAMA: Sisi wauza maji tuna chama. Kila wiki tunachanga. Tukichanga kidogo zaidi, anayelaza punda wake akapewa wa kukodi, wenzangu wengi wangeleta wanyama mapema.

AFISA: Chama chenu kikiwa tayari, mimi nitakuja siku ileile ya mkutano, kila baada ya wiki sita hadi kumi, na kisu na tupa. Tutakata kwato zote kwa pamoja. Na mikokoteni itazamwe: mzigo ukilemea mbele, punda anaubeba, ukiwekwa sawa juu ya ekseli, anauvuta. Nusu ya viguu ninavyotibu vingeishia hapo.

DAKTARI: Na anayetaka kumrudisha kazini, aniletee nimkunje tena. Nikilinganisha na nilichoandika mara ya kwanza, nitamwambia kama aongeze mzigo au angoje. Kati ya kazi zote za kipimo hiki, hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi: mnyama mmoja, mguu mmoja, mkono mmoja, siku mbili tofauti, na daftari katikati.

Neno la mwandishi

Nimeziacha sauti hizi zibishane mpaka zikakutana, kwa kuwa nadhani zinakutana kweli. Upinzani wa Afisa haukukivunja kipimo. Ulikionyesha mahali pake. Utetezi wa Daktari ulipata nguvu pale alipoacha kukitetea kama mgunduzi wa magonjwa na kukitetea kama njia ya kufuatilia nafuu.

Msimamo wangu ni huu. Mguu wa punda wa Ndhiwa ukunjwe, lakini baada ya mambo mengine manne: atazamwe akisimama na kutembea, kwato zake zisafishwe na kuchunguzwa, kano zake zipapaswe, na hali ya mwili mzima ipimwe, damu ikiwamo pale mbung'o wanapoogopwa. Asiyekanyaga asikunjwe. Anayekunja awe mtu aliyefunzwa, na aandike sekunde, mguu na jibu, ili atakayemwona mnyama huyo tena awe na cha kulinganisha. Tangu 2011 Kenya ina sheria inayowasimamia madaktari wa mifugo pamoja na wasaidizi wao chini ya bodi moja. Kwa hiyo si vigumu kuwafunza wasaidizi wa vijijini kipimo hiki kwa utaratibu mmoja, na kuwafunza vilevile mipaka yake. Sokoni kisitumike kabisa kupangia bei.

Serikali za kaunti za Homa Bay na Migori, zikitaka kuwasaidia punda, zisianze na mashine za hospitali. Zianze na vitu vya bei ndogo: visu vya kwato, tupa, koleo za kupimia, chanjo ya pepopunda, na mafuta ya pikipiki ya afisa. Mahali pazuri pa kutolea huduma hiyo ni pale watu wanapokutana tayari, siku za soko na mikutano ya vyama vya akina mama. Fedha ya kukodi punda wa badala iliyopendekezwa na Mama ni tiba, sawa na sindano. Bila hiyo kila ushauri wa kupumzisha mnyama unaishia mlangoni, kwa kuwa anayepewa ushauri huo ndiye atakayebeba maji.

Nasema haya nikiwa na uchungu juu ya mnyama huyu. Amebeba maji ya vizazi vyetu, na bado tunamwita mvivu siku anapoumwa. Farasi wa mbio akipunguza hatua nusu tu, daktari huitwa kabla jua halijatua. Punda hustahili uangalifu uleule, kwa vipimo vinavyolingana na kwato zake, udongo anaoukanyaga na mfuko wa anayemlisha. Kabla hujaukunja mguu wake, uinue kwanza utazame chini yake. Na ukishaukunja ukajua, msaidie mwenye punda naye apate namna ya kumpumzisha.